Baba alikufa kwa kiharusi, na sasa presha yangu imepanda: nifanye nini kila siku?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa taksi, haya mabasi madogo ya abiria, nina miaka 44, nabeba abiria Busia kwenda Kampala na kurudi. Baba yetu alipooza upande mmoja akiwa na miaka 57, akalala miezi minane, akafariki. Baba mdogo naye alianguka shambani ghafla, wakasema ni moyo. Mwezi uliopita dereva mwenzangu alianguka hapahapa paki ya taksi na hakuinuka tena. Nikaingia duka la dawa kupimwa, nikaambiwa presha ni 152 kwa 96. Lakini siumwi kichwa wala chochote. Sigara sivuti. Mairungi (miraa) natafuna nikiwa na safari ya usiku. Mke wangu anasema niache nyama yote. Rafiki yangu anasema ninywe kitunguu saumu na limau kila asubuhi, vidonge nisiviguse. Hii ni damu ya ukoo wetu, au kuna mambo ya kila siku ninayoweza kufanya nikapona?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa baba, kwa baba mdogo na kwa huyo mwenzako wa paki. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini naona linalokunyima usingizi ni hilo la ukoo. Nitaanza nalo, maana mtu akishaamini kwamba kifo chake kiko kwenye damu, hata nikimwambia apunguze chumvi ataona namchosha bure.

Mwaka 1990 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa kwa majirani zenu wa ng'ambo, Waluo wa magharibi mwa Kenya. Watafiti waliwafuata watu waliohama vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu presha ya waliohama ilikuwa imepita ya waliobaki. Walipopima mkojo wakakuta jibu: mjini watu walikuwa wakila chumvi zaidi, na potasiamu, ambayo tunaipata kwenye viazi, maharage na mboga za majani, ilikuwa imepungua ikilinganishwa na chumvi. Uzito nao ulikuwa umeongezeka. Watu hao hawakubadilisha babu zao. Walipanda basi tu, wakaanza kula na kuishi kwa namna nyingine.

Hapa kwetu Uganda tuna ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu chakula, kolesteroli na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Waafrika na Waasia wa Uganda. Wakati ule mshtuko wa moyo ulikuwa nadra mno kwa Waafrika, waliokuwa wakila matoke, viazi vitamu, mihogo na maharage, ilhali Waasia wa mji huohuo walikuwa wakiugua. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, daktari Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago na mwenzake walikuwa wameandika makala nzima kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huo, kwa sababu mgonjwa wa aina hiyo alikuwa jambo la kushangaza. Leo daktari gani wa Uganda ataandika makala kwa ajili ya mgonjwa mmoja? Wanaingia kliniki zetu kila wiki, na ni wajukuu wa watu walewale.

Sisemi ukoo si kitu. Baba aliyepata kiharusi anakuongezea hatari, na kwa hiyo wewe na ndugu zako wote mnapaswa kupimwa mapema na mara kwa mara kuliko jirani. Lakini pamoja na damu, mtoto hurithi pia jiko la mama yake, mkono wa kutia chumvi, na tabia ya kutokwenda hospitali mpaka abebwe. Hayo yanabadilika.

Sasa hiyo 152 kwa 96. Kipimo kimoja, tena umeingia dukani ukiwa na hofu ya mwenzako aliyefariki, hakitoshi kusema una ugonjwa wa presha. Hakitoshi pia kusema huna. Naomba upimwe upya, na upimwe vizuri. Usiwe umekunywa chai, kahawa au kinywaji cha enaji, wala umetoka kutembea haraka, kwa nusu saa. Nenda haja kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, usiikunje, tulia dakika tano bila kuongea, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Wapime mara mbili, dakika moja katikati. Nimeona watu wakipimwa wamesimama, mkono unaning'inia, huku wanabishana bei ya dawa. Namba ya namna hiyo haina maana. Kliniki ikikuta 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hapo ni ugonjwa. Ukiweza kuchangishana na madereva wenzako wa paki mkanunua mashine moja ya kufunga mkononi juu ya kiwiko (ile ya kifundoni siipendi), mtakuwa mmefanya jambo kubwa kuliko michango mingi ya mazishi.

Unasema huumwi chochote. Ndugu yangu, karibu kila mwenye presha huniambia hivyo. Utafiti wa kitaifa wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya watu wazima wa Uganda wana presha, na katika hao, waliojua kwamba wanayo hawakufika hata 8 kati ya 100. Presha haiumi kwa sababu mshipa wa damu hauna namna ya kulia. Damu inausukuma kwa nguvu usiku na mchana, ukuta wake wa ndani unachubuka, mafuta yanaganda kwenye michubuko, mshipa unakuwa mgumu na mwembamba. Moyo nao, kama misuli ya mtu anayebeba magunia, unanenepa, na baada ya miaka unachoka. Figo zinaharibika polepole. Siku mshipa wa kichwani unapoziba au kupasuka, watu wanasema ugonjwa ulikuja ghafla. Kwa watu wa umri wako, kila namba ya juu ya presha (kama hiyo 152 yako) inapoongezeka kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au moyo huwa karibu mara mbili. Hesabu hiyo inafanya kazi pia kwa kurudi chini, na ndiyo inayonipa moyo wa kukuandikia yote haya.

Kama vipimo vitaendelea kuwa kwenye 150, huenda utahitaji kidonge pamoja na mabadiliko ya maisha. Usikiogope. Vidonge vya presha tunavyovitumia sana ni vya bei ndogo, vimetumika miaka mingi, na kituo cha afya cha serikali hutoa bure vinapokuwepo. Vikikosekana, uliza jina na nguvu yake ununue palepale, usikae wiki mbili ukisubiri. Kosa ninaloliona kuliko yote ni hili: mtu anameza mwezi mmoja, presha inashuka, anasema amepona, anaacha. Imeshuka kwa sababu anameza. Na tafadhali usianze kumeza aspirini kila siku kwa ushauri wa paki. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo inaweza kumtoa damu tumboni bila faida ya maana.

Kitu cha kwanza jikoni ni chumvi, na hapa nitakaa kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena kisiwe na kilima. Hesabu humo chumvi yote: ya mchuzi, ya mkate, ya chapati, ya chipsi, ya vile vidonge vya kiungo cha mchuzi ambavyo nusu yake ni chumvi tupu. Halafu kuna chumvi ambayo hatuihesabu kabisa: ile inayowekwa pembeni ya sahani ukila muchomo (nyama ya kuchoma), ile ya embe bichi, ya karanga za kwenye karatasi, ya mahindi ya kuchoma yaliyopakwa chumvi na pilipili. Mtu anayekula njiani kama wewe anaweza kumaliza kijiko chake kabla ya saa saba mchana. Wengine huniambia wanatumia chumvi ya ziwa Katwe kwa kuwa ni ya asili, haina madhara. Ya Katwe, ya mawe au ya pakiti, kinachopandisha presha ni sodiamu, na zote zinayo.

Mwambie mama watoto msiikate siku moja. Mkono unaotia chumvi upunguzwe robo wiki hii, robo nyingine baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baada ya hapo chakula cha hotelini kitakuwashia mdomo. Kiungo cha mchuzi na chumvi visiingie sufuria moja. Mezani pasikae chumvi. Na hapo ndipo kitunguu saumu na limau vya rafiki yako vinapata kazi yao ya kweli: tieni kwenye mboga, pamoja na tangawizi, nyanya na kitunguu maji, vitafanya samaki awe mtamu bila chumvi nyingi. Kuvinywa asubuhi hakuwezi kuchukua nafasi ya dawa, na nimezika wagonjwa wawili walioamini kwamba kunaweza.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, ambayo Mungu ametumwagia hapa. Matoke, viazi vitamu, maharage, mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma, ovakado, ndizi mbivu. Kula kwa wingi, ila kama vipimo vitaonyesha figo zako zimeharibika, muulize daktari wako kwanza, kwa kuwa figo mbovu hushindwa kuitoa.

Kuhusu nyama, mke wako ana nia njema lakini si lazima uiache yote. Shida yako, nikiangalia siku ya dereva, inaanza asubuhi: rolex ya chapati mbili na mayai, inayoogelea mafuta, na soda ya kuisindikizia. Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai. Mchana kikomando (chapati na maharage) au chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyorudiwa tangu jana, usiku posho (ugali) na nyama ya mafuta saa nne. Badilisha asubuhi kwanza. Katogo, yaani matoke na maharage sufuria moja, au muhogo wa kuchemsha na chai yenye kijiko kimoja cha sukari itakushibisha mpaka Jinja, na ni nafuu. Rolex iwe ya Jumamosi. Ukisimama Najjembe pale Mabira au Namawojjolo, gonja, yaani ndizi ya kuchoma, ni chakula kizuri. Kuku naye si adui, ukimtoa ngozi na kukataa chumvi ya pembeni. Nunua maji badala ya soda. Nyumbani, mukene (dagaa) na samaki wa ziwani mara mbili tatu kwa wiki, maharage au njegere siku nyingine, nyama ya ng'ombe au mbuzi siku moja au mbili. Mafuta ya alizeti, yanayokamuliwa kwa wingi kule Lira, ni bora kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda kwenye kopo, lakini hata hayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Mchuzi wa karanga ni mzuri, ila unanenepesha, basi usizidishe.

Sasa nakuja kwenye kiti chako. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Yale yalikuwa mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Basi moja, njia moja, saa zilezile za kazi. Madereva waliugua moyo zaidi ya makondakta, na walipougua walikufa haraka zaidi. Kila nikipanda taksi ya Jinja namkumbuka Morris, nikimwona kondakta anaruka, anaita abiria, anabeba mizigo, na dereva amekaa palepale tangu alfajiri.

Lakini una kitu ambacho dereva wa London hakuwa nacho. Taksi yetu haiondoki mpaka ijae. Ule muda wa kusubiri abiria, ambao mnautumia kukaa ndani ya gari mkilalamika, ni dakika 30 au zaidi, mara mbili kwa siku. Mwachie kondakta gari, zunguka paki kwa miguu, mwendo wa kukufanya uhema kidogo huku bado unaweza kuongea. Dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango tunachokitaka, yaani nusu saa siku tano. Ukigawa mara tatu za dakika kumi, mwili hautajali. Na kutoka nyumbani mpaka paki nenda kwa miguu. Najua Busia ndiko jina bodaboda lilikozaliwa, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani, na naziheshimu kazi za vijana wale. Lakini kilomita moja na nusu ni dakika 20 tu. Siku ya mvua, fanyia ndani. Aprili 2020, nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona, Rais Museveni, akiwa na miaka 75, alijionyesha kwenye video akikimbia na kupiga pushapu ndani ya ofisi. Wewe pushapu ziache mpaka presha itulie. Kutembea kunatosha kuanzia.

Chukua kamba, ipime kutoka kisigino mpaka utosini, ikunje mara mbili katikati. Hiyo nusu ijaribu kuzunguka kiuno chako usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Isipofika, tumbo ni kubwa mno kwa moyo wako, hata kama watu wanakusifu kwamba pesa zimekukubali. Kilo tano zikitoka, presha nayo hushuka.

Mairungi. Hapa nitakuwa mkali, unisamehe. Majani yale yanaupigisha moyo mbio, yanabana mishipa na kupandisha presha kwa saa kadhaa, na watafiti wa Yemen, ambako hutafunwa kila siku, waliyakuta yanaambatana na mshtuko wa moyo. Kwa mtu mwenye 152 ni kumwagia moto petroli. Enaji za chupa nazo usizichukue kama mbadala. Mwili unaposema usiku wa manane kwamba umechoka, unasema kweli, na nyuma yako kuna abiria kumi na wanne. Kaa na mwenye gari mpange: ama safari ya usiku iache, ama uipate baada ya kulala mchana. Mtu mzima anahitaji saa saba. Muulize pia mke wako kama unakoroma sana na kukata pumzi katikati. Kama ndivyo, mwambie daktari, kwa kuwa hali hiyo peke yake hupandisha presha na kumfanya dereva asinzie mchana.

Sigara huvuti, vizuri, endelea hivyo na usikae ndani ya moshi wa wenzako. Waragi na bia, kadiri zinavyopungua presha inashuka. Pima na sukari, kolesteroli na mkojo kwa ajili ya figo, mara moja sasa. Hilo linaweza kufanyika hospitali ya Masafu bila kufika Kampala. Ukipata shida kubwa ya moyo ndipo wangekutuma kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago.

Jambo moja la watoto, kwa kuwa umetaja ukoo. Ugonjwa wa moyo unaoua vijana wengi wa Uganda hautokani na mafuta wala chumvi. Unatokana na koo lililouma likaachwa bila dawa, kisha mwili ukashambulia vali za moyo. Mtoto akipata homa na koo linalouma kumeza, mpelekeni akaangaliwe. Gulu ulifanyika utafiti kwa watoto zaidi ya 800 ambao ugonjwa huo ulikuwa ndiyo unaanza. Waliochomwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, walioendelea kuharibika hawakufika mtoto 1 kati ya 100. Wasiochomwa, walikuwa 8 kati ya 100.

Na mfundishe kondakta wako dalili hizi, maana yeye ndiye atakayekuwa karibu. Kifua kinachobana au kulemewa, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono, jasho baridi, kukosa pumzi: simamisha gari, mpeni mwingine usukani, nendeni hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu, maneno kuparaganyika: hivyohivyo, bila kupitia kwa mganga, bila kusubiri asubuhi. Baba yako nadhani alisubiri. Wengi walisubiri.

Wiki hii nakuomba mambo matatu tu: acha mairungi, robo ya chumvi itoke, na upime presha asubuhi na jioni siku saba mfululizo, ukiandika kwenye daftari lilelile unaloandikia hesabu ya mafuta ya gari. Nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85, nenda kliniki na daftari hilo. Ukikuta 180 kwa 120 hata mara moja, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki hapo, nenda siku hiyohiyo, na kama ina dalili yoyote kati ya nilizotaja, nenda saa hiyohiyo. Kisha niandikie namba zote kumi na nne, na zile mbaya usizifiche.